Malaika wa Bwana (picha ya Millet)

Malaika wa Bwana, kwa Kifaransa L'Angélus, ni picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Mfaransa Jean-François Millet kati ya 1857 na 1859. Turubai yake ni ndogo, sentimita 55.5 kwa 66, na imehifadhiwa katika Makumbusho ya Orsay, Paris. Jina limetokana na sala ambayo Wakatoliki huisali kengele ya kanisa inapolia asubuhi, adhuhuri na jioni.

Mume na mke wamesimama shambani magharibi inapoingia. Mume amevua kofia na kuishika mikononi. Mke amekutanisha viganja kifuani. Uma wa kuchimbia viazi umechomekwa ardhini, kikapu kiko miguuni pao, na nyuma ya mke kuna toroli lenye magunia. Mbali kwenye upeo wa macho unachomoza mnara wa kanisa.

Majonzi na utulivu wa picha hii vimetokana na mwanga. Nyuso zimeachwa kivulini, kwa hiyo mtazamaji hapati macho wala midomo ya kusoma. Anabaki na shingo zilizoinama, mabega na mikono. Uwanda mtupu unaowazunguka unawafanya wakulima hao waonekane wakubwa kuliko turubai iliyowabeba, na wapweke pia.

Je, wanasali tu?

Mwaka 1865 Millet alieleza kwamba wazo lilimjia alipomkumbuka bibi yake, ambaye kila aliposikia kengele aliwasimamisha kazi Millet na wenzake shambani ili wawaombee marehemu. Kwake ilikuwa kumbukumbu ya utotoni. Wanunuzi waliiona picha hiyo kwa macho mengine: mwaka 1889 Wafaransa na Wamarekani waliigombea mnadani kama fahari ya taifa, ikaenda Marekani. Mwaka uliofuata tajiri Alfred Chauchard aliirudisha Ufaransa kwa faranga 800,000.

Mchoraji Salvador Dalí alikwenda mbali zaidi katika kuifasiri. Alishikilia kwamba wawili hao wanamlilia mtoto waliyemzika hapo hapo. Picha ilipopigwa eksirei katika Makumbusho ya Louvre, karibu na kikapu lilionekana umbo lenye pembe, limefunikwa kwa rangi. Dalí aliliita jeneza. Hata hivyo umbo peke yake halithibitishi hilo, kwani wachoraji hubadili nia na kupaka rangi juu ya walichokwisha kuchora.