Nyimbo za Krismasi Zilivyopanda Mlima

Tarehe 24 Desemba 1818, katika kijiji cha Oberndorf, Austria, padri Joseph Mohr alimpelekea mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, beti alizozitunga, akamwomba azitilie sauti. Usiku uleule wakaziimba wawili kanisani, gitaa likiwasindikiza. Ndio wimbo tunaouita Usiku Mtakatifu. Ulikuwa na umri wa miaka 29 mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Mei 1848. Lakini Rebmann alikuwa mpita njia. Nyimbo zilipanda mlima na waliokuja kukaa.

Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakafika Kibosho 1893. Mwaka huohuo Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walitua Machame, kisha Mamba, na 1896 Kidia, Old Moshi. Kwa Wakatoliki Misa ilikuwa ya Kilatini, na Krismasi ikaja na Kilatini chake. Watu wa Leipzig walishika njia nyingine: kuhubiri na kuimba kwa lugha ya mlimani, Kimachame kwa Wamachame, Kimochi kwa Wamochi. Bruno Gutmann, aliyefika 1902, aliishikilia njia hiyo kwa nguvu kuliko wengi.

Kazi ya kuzitia nyimbo katika lugha hizo haikuwa nyepesi. Katika Kichaga neno lina mpando na mshuko wake, na ukiubadili unaweza kubadili maana. Sauti ya Gruber haikutungwa kwa ajili ya maneno hayo: inapanda pale neno linapotaka kushuka. Kila ubeti wa Kichaga uliokaa vizuri juu ya sauti ya Kijerumani una jasho la mwalimu mwenyeji aliyejua neno lipi litavumilia kuvutwa. Majina ya wengi wao hayamo vitabuni, na hilo linaniuma.

Ni walimu haohao waliobaki na nyimbo hizo. Mwaka 1920 Waingereza waliwafukuza wamisionari Wajerumani, na kabla hawajaanza kurudi katikati ya muongo huo, ibada nyingi ziliendeshwa na walimu na wazee wa sharika. Wachungaji wa kwanza Wachaga waliwekewa mikono 1934. Vita Vikuu vya Pili vilipowaondoa Wajerumani tena, Krismasi haikukosa waimbaji.

Matarumbeta nayo yana asili yake. Ujerumani ya karne ya 19 ilikuwa na vikundi vya wapulizaji wa kanisa, na mchungaji Johannes Kuhlo alivieneza sana. Sharika za Kilimanjaro zilirithi desturi hiyo zikaifanya yao, hata leo harusi ya Moshi bila matarumbeta juu ya pikapu huonekana imepungukiwa. Kwaya zikashika nota za d, r, m, zilizoenezwa na Mwingereza John Curwen: mwalimu anaandika ubaoni, anatoa sauti, besi wanarudia kipande chao mpaka kikae, ndipo soprano waingie.

Mwaka 1963 ulileta mawili. Juni, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Kiswahili kikazidi kuwa lugha ya pamoja ya sharika, kitabu cha Mwimbieni Bwana mkononi. Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za wenyeji na muziki wao. Baadaye ngoma na kayamba vikaingia Misa ya Krismasi Kibosho na Kilema.

Matunda ya Kiswahili ni makubwa. Desemba, mabasi yanapowarudisha Wachaga kutoka Dar es Salaam na kwingineko, wa Rombo na wa Machame wanaimba pamoja bila taabu. Lakini mjukuu aliyezaliwa Dar anamsikia bibi yake akiimba ubeti wa Kimochi, naye hawezi kuufuata. Naziomba kwaya za Kidia, Mamba na Machame zizirekodi beti hizo Desemba hii, wazee wanaozijua wakiwa mstari wa mbele, na majina yao yaandikwe.