Kuunga Mboga Bila Nyama: Historia ya Kitoweo cha Gharama Nafuu Tanzania

Mlo wa kawaida wa nyumbani nchini Tanzania una sehemu mbili. Ya kwanza ni wanga unaoshibisha: ugali, wali, muhogo au ndizi. Ya pili ni kitoweo, ambacho ni kidogo kwa kipimo lakini ndicho chenye chumvi, mafuta, uchachu na harufu. Kwa kuwa kaya nyingi hazijaweza kununua nyama kila siku, historia ya mapishi ya kubana matumizi ni hasa historia ya kitoweo: jinsi mboga inavyoungwa kwa vitu vya bei ndogo ili tonge lishuke.

Huko pwani maarifa hayo yana umri mrefu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza wali ulioliwa pamoja na ndimu zilizotiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Yeye alikuwa mgeni wa sultani na nyama haikukosekana, lakini matumizi ya achari kali kidogo kwa wali mwingi yangali desturi ya mwambao mzima. Baada ya Wareno kufika mwaka 1498, mazao ya Amerika yaliingia hatua kwa hatua: mahindi, muhogo, karanga, pilipili kali na, baadaye, nyanya.

Kutokana na mazao hayo na yale ya kale zilitokea njia kuu nne za kukoleza mboga. Pwani na visiwani njia ya kwanza ni nazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa zaidi ya mara moja. Tui jepesi ndilo linalopikia, na kasimele, yaani tui zito la kwanza, hutiwa mwishoni. Hivyo nazi moja hutosha sufuria nzima ya kisamvu, maharage au muhogo. Bara, karanga zilizotwangwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa mchicha, matembele na majani ya maboga. Njia ya tatu ni samaki wakavu: dagaa, au pwani kipande cha papa mkavu, ambacho chumvi na harufu yake huenea katika mchuzi mzima. Ya nne ni uchachu wa ndimu, ukwaju au embe bichi, unaowezesha kupika chukuchuku pasipo tone la mafuta. Magadi nayo huwahisha maharage kuiva, na kwa hiyo huokoa kuni.

Utawala wa kikoloni ulibadili upatikanaji wa vitu hivyo. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliwezesha dagaa wa Ziwa Tanganyika kusafirishwa hadi masoko ya mbali. Waingereza waliwaamuru wakulima kupanda muhogo kama kinga ya njaa, na makopa yakawa akiba ya miaka mibaya. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, Kongwa ikiwa kitovu chake, ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya Waingereza. Ulisimamishwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa. Zanzibar ilikuwa ikitegemea mchele wa nje, ukiwemo wa Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, chakula kikatolewa kwa mgao uliofuata misingi ya kikabila, na Waafrika wakapewa mchele kidogo kuliko Waarabu na Waasia.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baada ya uhuru. Ukame wa mwaka 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli na kuhamishiwa kwa wananchi katika vijiji kulishusha mavuno. Serikali iliagiza nafaka nyingi kutoka nje, yakiwemo mahindi ya njano ya Marekani, ambayo unga wake watu waliuita Yanga kwa rangi ya klabu ya mpira yenye jina hilo. Usagishaji na usambazaji ulikuwa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na sukari, mafuta ya kupikia, mchele na sabuni vikawa bidhaa za kupanga foleni katika maduka ya ushirika au za kununuliwa kwa magendo. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, lakini rafu za maduka hazikujaa.

Katika miaka hiyo kaya za mijini zilirudia njia za zamani. Mafuta yalipokosekana, mboga iliungwa kwa nazi au karanga, au ikachemshwa tu kwa nyanya na chumvi. Sembe ilipoadimika zilipikwa bada ya muhogo na makande. Matembele yalipandwa uani, na watumishi wa serikali walilima mashamba pembezoni mwa miji kwa sababu mshahara haukufika mwisho wa mwezi.

Unafuu huo ulikuwa na gharama yake, na waliobeba sehemu kubwa ni wanawake. Kukuna nazi, kutwanga kisamvu na karanga, kuchambua dagaa na kuloweka muhogo huchukua saa nyingi. Fedha iliyookolewa dukani ililipwa kwa nguvu na muda, na wengi wa waliopika walikuwa pia wakikaanga maandazi na vitumbua vya kuuza ili kuongeza kipato.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, na ikaondoa ruzuku ya sembe. Mwaka 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zilirudi madukani, ila kwa bei iliyozidi uwezo wa wengi. Tatizo likahama kutoka uhaba wa vitu hadi uhaba wa fedha, na uuzaji wa rejareja ukajipanga upya: mafuta ya kupima, nyanya za fungu, dagaa wa kikombe. Bei ya mafuta ya kupikia ilipopanda tena mwaka 2021 na 2022, kaya zilikuwa na vipimo hivyo vidogo pamoja na nazi, karanga na ndimu za tangu zamani.