Waya Hutua Mombasa, Kampuni Hupanda Bara

Mwaka 1890 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari, kutoka Unguja hadi Mombasa. Unguja ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Aden tangu 1879, kwa hiyo habari zilizokuwa zikisafiri majuma kwa majuma na meli zikaanza kufika kisiwani Mombasa kwa muda wa saa. Miaka sita baadaye, 1896, ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na nyaya za simu zikafuatana nayo kwenda bara.

Tangu hapo jambo hili limejirudia mara nyingi mno kuitwa sadfa. Kitu hutua Mombasa, kikapata nguvu, kisha kikapanda bara. Mwaka 1902 Alibhai Mulla Jeevanjee alianzisha hapa gazeti la kila wiki, African Standard. Aliliuza 1905, na kufikia 1910 makao yake yalikuwa Nairobi. Ndilo The Standard la leo, na wasomaji wake wengi hawajui kwamba lilizaliwa pwani.

Lakini Mji wa Kale wa Mombasa umejua pia kazi za namna nyingine, zile za mtu mwenye shughuli zake ambaye huona pengo na kuliziba kwa vifaa alivyo navyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha karatasi ya habari iitwayo Sahifa mwaka 1930, na 1932 akatoa Al-Islah. Hakungoja mwenye mtaji. Kijana wa leo anayemaliza kazi ya kuajiriwa saa kumi na moja jioni, akasali, akala, kisha akafungua kompyuta yake kuandika programu ambayo hakuna aliyemtuma, huyo namhesabu katika ukoo wa Sheikh Al-Amin.

Tuje karibu zaidi. Kwa miongo kadhaa Kenya ilizungumza na dunia kwa setilaiti, kupitia kituo cha Longonot kilichofunguliwa 1970. Intaneti ya njia hiyo ilikuwa ghali na nzito. Juni 2009 mkongo wa intaneti wa TEAMS, uliotoka Fujairah kwa mwendo wa karibu kilomita 5,000, ulifika Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaja kuupokea. Bitange Ndemo, katibu wa wizara ya habari wakati huo, alikuwa ameupigania mradi huo kwa miaka. Mwezi uliofuata, Julai 23, SEACOM nayo ikaanza kazi. EASSy ikafuata 2010.

Machi mwaka huohuo, 2010, kituo cha kwanza mashuhuri cha waandishi wa programu nchini, iHub, kilifungua milango yake. Wapi? Barabara ya Ngong, Nairobi. Chimbuko lake lilikuwa Ushahidi, ramani ya ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi iliyoundwa kwa siku chache Januari 2008 na Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao, kazi ya kujitolea iliyokuja kutumika nchi nyingi. Siwanyimi haki yao. Nairobi ndiko walikokuwa wafadhili, makampuni ya simu na ofisi za kimataifa, na fedha hupenda kukaa karibu na fedha. Hata hivyo, inauma kwamba mwanga ulioingilia kwetu uliwaka kwanza kwa jirani.

Waliobaki kisiwani walijifunza kwa taabu. Kabla Safaricom haijafungua lango lake la Daraja kwa waandishi wa programu mwaka 2017, mtu mdogo aliyetaka programu yake itambue malipo ya M-Pesa alikuwa na njia moja ya mkato: modemu yenye laini ya simu iliyochomekwa kwenye kompyuta. Mteja akilipa, ujumbe wa M-Pesa huingia kwenye ile laini. Programu huusoma herufi kwa herufi, ikachomoa namba ya muamala, kiasi na jina la mlipaji, ikaviweka kwenye daftari la mwenye duka. Safaricom ikibadilisha neno moja tu katika ujumbe ule, programu nzima hupofuka, na fundi hukesha kuirekebisha. Katika nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene za matumbawe shida huzidi, maana mawimbi ya simu hayazipenyi vizuri, na modemu yafaa ihamie dirishani au darini. Ni ufundi ambao hautaingia katika kitabu chochote, nami nauheshimu sana.

Mwaka 2016 Mahmoud Noor alianzisha SwahiliPot Hub, jirani na Fort Jesus. Kilichonivutia ni kwamba hawakuiga Nairobi. Waliweka waandishi wa programu na wasanii chini ya paa moja, kama inavyostahili mji ambao fundi na mshairi hukaa baraza moja.

Wapo wanaosema mahali hapana maana tena, kwamba programu huandikwa popote. Sikubaliani nao. Itazame Lori Systems, iliyoanzishwa 2016 kuunganisha wenye mizigo na wenye malori. Mwaka 2017 ilishinda shindano la TechCrunch la kampuni chipukizi za Afrika, lililofanyika Nairobi. Uhai wa biashara hiyo ulikuwa njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi na Kampala. Lakini anayejua kwa nini kontena hukwama katika bandari ya Kilindini, karatasi ipi hukosewa, na wakala wa forodha hupoteza asubuhi yake wapi, ni mtu wa Mombasa. Nahodha wa jahazi katika Bandari ya Kale naye ana hesabu zake za shehena na pepo ambazo hakuna mtu wa Barabara ya Ngong atakayefikiria kuziandikia programu.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama MIOME, taasisi iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili 2013. Kwa hiyo katika nyumba moja baba yuko bandarini na mtoto amesomea programu Tudor. Wawekezaji wanaopanda ndege kwenda Nairobi kutafuta wazo la mizigo wangeanza na nyumba hiyo.