Kutoka Butiama hadi Edinburgh: Hisa za Chuo Kikuu na Harakati za Kuwasusia Makaburu

Wanahistoria wengi huyaeleza maandamano ya wanafunzi wa Uingereza dhidi ya utawala wa Makaburu kana kwamba yalizuka huko huko. Makala haya yanadai kwamba hoja waliyoitumia wanafunzi hao ilikuwa imekwishatolewa na Waafrika, akiwemo mzaliwa wa Butiama.

Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Baada ya Tabora na Makerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, 1949 hadi 1952. Tarehe 26 Juni 1959, yeye na Padre Trevor Huddleston walihutubia mkutano wa London uliozindua harakati za kususia bidhaa za Afrika Kusini. Hakuwaomba Waingereza hisani. Aliwataka tu waache kuutegemeza ubaguzi kwa fedha zao. Naye hakukwepa gharama za msimamo wa namna hiyo: Desemba 1965 Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiwa.

Ikiwa anayenunua matunda ya Makaburu anawategemeza, mwenye hisa anayengoja gawio afanyeje? Swali hili lilikikabili chuo kile kile alichosoma Nyerere. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanafunzi wa Edinburgh, akiwemo Gordon Brown, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, walifichua kupitia gazeti lao kwamba chuo kilimiliki hisa katika makampuni yenye biashara Afrika Kusini, ilhali uongozi ulikuwa umeeleza vinginevyo. Aibu ilikuwa kubwa, na hisa zikauzwa.

Dar es Salaam hali ilikuwa tofauti. Mwanafunzi wa Mlimani hakuwa na haja ya kuishinikiza serikali imsusie Kaburu, kwani serikali ilimtangulia. Kikundi cha USARF, kilichoanzishwa mwaka 1967 na kuongozwa na Yoweri Museveni, kilielekeza macho kwenye vita vya ukombozi, hasa Msumbiji, na kwenye kasoro za ujamaa wenyewe kupitia jarida la Cheche. Jambo hili la pili, kwa maoni yangu, ndilo lililowaponza. Novemba 1970 serikali ya Nyerere ilikipiga marufuku kikundi hicho pamoja na jarida lake.