Angani Nako Kuna Mipaka

Ndugu msikilizaji, kutoka Frankfurt hadi Berlin, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni zaidi kidogo ya kilomita 420. Ndege huchukua muda wa saa moja na dakika chache. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule anaiweza. Lakini katika miaka yangu ya kusoma habari redioni nimejifunza kwamba umbali haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa ruhusa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani iligawanywa na mataifa manne: Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti. Berlin nao uligawanywa vivyo hivyo, ingawa mji huo ulikuwa katikati ya eneo la Wasovieti. Novemba mwaka huo wakubwa hao walikubaliana kwa maandishi kuhusu njia tatu za angani za kufika Berlin: kutoka Hamburg, Hannover na Frankfurt. Kila njia ilikuwa na upana wa kilomita 32 tu.

Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara, reli na njia za maji. Kilichobaki ni anga. Kwa miezi kadhaa watu zaidi ya milioni mbili wa Berlin Magharibi walilishwa kwa ndege. Safari zaidi ya 270,000 zilibeba tani zipatazo milioni 2.3, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa makaa ya mawe. Hebu fikiri, makaa ya mawe kusafiri kwa ndege! Mei 1949 vizuizi viliondolewa.

Hata hivyo, vichochoro vile vya angani vilidumu miaka mingine zaidi ya 40. Rubani alitakiwa asipande juu ya futi 10,000, yaani mita zipatazo 3,000. Ndege za jeti, zilizoundwa kuruka juu sana, zililazimika kupita chini, zikila mafuta mengi na kutikiswa na mawingu. Tena ni mashirika ya Marekani, Uingereza na Ufaransa tu yaliyoruhusiwa. Lufthansa, shirika la Wajerumani wenyewe, lilikatazwa kutua Berlin Magharibi.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mtu aliyeitoroka Ujerumani Mashariki akaingia Berlin Magharibi hakuweza kuthubutu kupanda basi kwenda Frankfurt. Njiani angekaguliwa na askari wa serikali ileile aliyoikimbia. Kwake yeye, barabara ile haikuwa na mwisho. Kwa ndege, ilikuwa safari ya asubuhi moja.

Ujerumani iliungana tarehe 3 Oktoba 1990. Mwezi huohuo, tarehe 28, Lufthansa ilirejea Berlin. Kilomita zilikuwa zilezile.

Wala mambo hayo hayakwisha na karne ile. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi za Ulaya na Urusi zilifungiana anga. Safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya muda wa saa 9 na nusu hivi, ikawa ya saa zipatazo 13.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiambiwa mji fulani uko karibu, usiulize kilomita tu. Uliza pia nani ameshika ufunguo wa njia. Tukutane wiki ijayo.