Mizinga ya Mababu wa Mau Mashariki

Mzinga wa mtarakwa mara nyingi humzidi umri aliyeuchonga. Mti wenyewe hauozi upesi na mchwa huukwepa, kwa hiyo kijana wa Waogiek, wawindaji na walina asali wa msitu wa Mau nchini Kenya, aliyepasua gogo, akalichimba kwa tezo na kuyafunga tena mapande yake mawili, alikuwa akitengeneza kitu ambacho mwanawe angekirithi na mjukuu angekipandia mti kukivuna. Katika milima iliyo juu ya Njoro na Elburgon, kumtaja babu ni kutaja pia miti aliyotundika mizinga yake, na ni upande gani wa kijito.

Babu ninayemwandika hapa si mmoja. Ni wazee wa Nessuit na Mariashoni waliokulia msituni wakati huko chini Nakuru ikikua. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, mji ukapata soko na maghala, walowezi wakagawana nyanda za Njoro kwa ngano na ng'ombe, na tarehe 1 Desemba 2021 mji huo ukatangazwa kuwa jiji. Historia hiyo imeandikwa mara nyingi. Ya watu wa juu imeandikwa zaidi kwenye majalada ya kesi, na hapo hata asali imepata nafasi yake kama ushahidi.

Ufundi wao ulianza na ardhi. Kila ukoo ulikuwa na konoito yake, kipande kirefu kilichopanda mlima kutoka vichaka vya chini, kikapita msitu mnene, kikafika kwenye mianzi na baridi ya juu. Aliyekigawa hivyo alijua kazi yake. Maua hayafunguki kila mahali kwa wakati mmoja: ya chini yakikauka, ya katikati yanachanua, kisha zamu inahamia juu. Nyuki huyafuata, na mwenye mizinga kila ngazi ya mlima huvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka bila kukanyaga ardhi ya jirani. Babu alizunguka na majira hayo, shoka begani, mkoba wa ngozi ubavuni, na moto wa kutolea moshi ukifuka mkononi. Mjini tungesema alipenda kutembea. Yeye alikuwa akikagua mali.

Mali hiyo ilifanya kazi nyingi. Asali ililiwa pamoja na nyama ya windo, iliwekwa akiba, ilipelekwa kwa wakwe kuposa, na ilichachushwa na tunda la muratina kuwa pombe ya sherehe. Iliyobaki ilishuka kwa Wamaasai na Wakipsigis, ikarudi kama mifugo au chuma. Wafugaji waliwaita Wadorobo, yaani watu wasio na ng'ombe, na serikali ya kikoloni ikalichukua jina hilo la kejeli kama lilivyo na kuliingiza kwenye sheria zake.

Jina likazaa sera. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932, iliwaona Wadorobo kama watu wasio na ardhi yao wenyewe na ikapendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyofanana nayo. Kwa mtu aliyeweza kukuonyesha mti kwa mti mahali konoito yake inapoanza na inapokoma, hayo yalikuwa maneno ya ajabu. Lakini mipaka yake haikuwa na ua wala jiwe la mpimaji, na tume haikujifunza kusoma mizinga.

Pigo la pili lilikuja taratibu, na mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko amri zote za kuhama. Idara ya Misitu ilikata miti ya asili katika sehemu nyingi za Mau na kupanda saipresi na misonobari kwa ajili ya mbao. Kwenye ramani, msitu ulibaki msitu. Ukiutazama kutoka barabara ya Molo ulikuwa wa kijani vilevile, na umenyooka zaidi. Ila misonobari na saipresi huchavushwa na upepo, hazina nekta ya kumpa nyuki. Mzee aliweza kuwa bado yuko ndani ya konoito ya babu yake, na mizinga yake ikakaa mitupu.

Kisha ikaja miaka ya 1990 na mipango ya makazi. Waogiek waliambiwa watagawiwa ardhi, na wakati huohuo watu wengi kutoka nje walipewa viwanja palepale. Mwaka 1997 baadhi ya Waogiek walikwenda mahakamani Nairobi. Kesi ikiwa bado haijaamuliwa, serikali mwaka 2001 iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kutoka katika orodha ya misitu ya hifadhi. Hukumu ya Nairobi ilitoka Machi 2014, ikiwapa haki, baada ya miaka 17. Kwa mlalamikaji aliyefungua kesi akiwa tayari ni babu, huo ni muda wa kuzikwa.

Kabla ya hukumu hiyo, Oktoba 2009, Waogiek walikuwa wamepewa notisi ya siku 30 watoke msituni, na hiyo ndiyo iliyowafikisha mahakamani Arusha. Mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Kenya ilidai kwamba Waogiek wamebadilika, kwamba si wale wawindaji na walina asali wa zamani, na kwamba lazima msitu ulindwe. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliyakataa hayo. Ilisema uharibifu wa Mau ulitokana hasa na uvamizi wa watu wengine, na serikali yenyewe kumega ardhi ya msitu kwa makazi na kutoa vibali vya ukataji miti visivyo na busara. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, ardhi yao ipimwe, na wapewe hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa tena, safari hii Sasimwani, upande wa Narok.

Ulinaji wenyewe haujangoja hati. Huko Mariashoni asali inachujwa, inatiwa kwenye chupa na kuuzwa kwa lebo, na katika miaka ya 2010 shirika la Slow Food liliitambua kama chakula cha urithi unaostahili kulindwa. Pamoja na magogo ya mtarakwa kuna mizinga ya Langstroth na ile ya vijiti vya juu iliyobuniwa Kenya miaka ya 1970. Hiyo hukaa karibu na ardhi, haihitaji mtu wa kukwea, na kwa sababu hiyo wanawake, ambao zamani kazi hii haikuwa yao, sasa wanavuna. Wapo wanaosikitika kwamba ufundi wa kukwea utapotea. Mimi nasikitikia zaidi miti ya maua, maana mzinga wa kisasa ukitundikwa katikati ya misonobari unabaki mtupu sawasawa na wa babu, na mche wa mti wa asili unaopandwa leo utachanua vya kutosha wakati aliyeupanda ana wajukuu.