Kuondoa si Kufuta: Historia ya Habari Mbaya katika Jalada la Mkopaji

Wafanyabiashara wa pwani yetu walikuwa na jina la bidhaa zilizochukuliwa bila fedha mkononi: waliziita mali kauli. Mtu alichukua bidhaa kwa neno lake, akaenda kuziuza, kisha akarudi kulipa. Kauli ndiyo iliyokuwa dhamana, na aliyeivunja alijulikana kwa wauzaji wa mji wake. Siku hizi sifa ya mkopaji haikai tena vinywani mwa majirani. Huandikwa katika majalada na kusomwa na watu wasiopata kumwona. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi nchi ya Marekani ilivyofikia kuweka mwisho wa maisha ya habari mbaya katika majalada hayo, na kuwatahadharisha wafasiri wetu juu ya neno moja linalopotosha maana, nalo ni kufuta.

Tumepata kusoma maelezo yaliyofasiriwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani, ambao wengi wao ni wakimbizi waliotoka Kongo. Humo mlikuwa na sentensi ya namna hii: "Deni hufutwa baada ya miaka 7." Sentensi hiyo ni fupi na nyepesi kusomeka, lakini si kweli. Kinachotoka baada ya miaka hiyo ni habari ya deni. Deni lenyewe hubaki palepale mpaka lilipwe, lisamehewe na mwia, au liondolewe kwa njia ya sheria. Msomaji akiiamini tafsiri hiyo anaweza kuacha kulipa, akisubiri msamaha ambao hakuna aliyemwahidi.

Ili tuelewe tofauti hiyo yatupasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1837 Marekani ilipatwa na msukosuko mkubwa wa fedha, na wafanyabiashara wengi walioshindwa kukusanya madeni yao walifilisika. Lewis Tappan wa New York, aliyekuwa katika biashara ya hariri na aliyejulikana pia kwa kupinga utumwa, aliyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 1841 alianzisha kampuni ya kukusanya habari za wafanyabiashara na kuwauzia waliotaka kuwakopesha. Mawakala wake, wengi wao mawakili wa miji ya mbali, walimpelekea maelezo juu ya mali ya mtu, tabia yake na uaminifu wake. Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, alikuwa mmoja wa mawakala hao. Habari hizo zilinakiliwa katika leja kubwa, na zaidi ya majuzuu 2,500 ya leja hizo yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard.

Kazi hiyo haikuishia kwa wafanyabiashara. Mwaka 1899 ndugu wawili, Cator na Guy Woolford, walianzisha katika mji wa Atlanta kampuni ya Retail Credit Company, ambayo tangu mwaka 1975 inaitwa Equifax. Majalada yake yaliwahusu watu wa kawaida: wanunuzi wa mikopo, waombaji wa bima, na hata watafutaji wa kazi. Pamoja na hesabu za madeni, yalikusanya maneno ya majirani juu ya ulevi wa mtu na mambo ya nyumbani kwake. Mwenye jalada hakuwa na haki ya kulisoma. Hakuna sheria ya taifa iliyomwezesha kusahihisha uongo, wala iliyosema kosa la ujanani likome kumfuata lini.

Kasoro hizo ndizo zilizomfanya Seneta William Proxmire wa Wisconsin aongoze juhudi za kutunga sheria. Sheria ya habari za wakopaji ilitiwa sahihi tarehe 26 Oktoba, 1970, na kuanza kutumika Aprili, 1971. Iliamua kwamba habari mbaya zilizo nyingi zisitolewe katika taarifa zikishapita miaka 7, na habari za kufilisika zikishapita miaka 14. Muda huo wa pili ulipunguzwa kuwa miaka 10 kwa sheria ya mwaka 1978. Hata hivyo, mkopo au bima ya kiasi kikubwa na kazi ya mshahara mnono havikuingizwa katika kinga hiyo.

Yafaa tuone kwa uangalifu ni nini kilichoamuliwa. Sheria haikusema kwamba deni limekwisha. Ilisema kwamba habari ya zamani imechakaa, na kwamba haifai kumhukumu mtu wa leo. Kwa habari ya kweli ambayo haijachakaa, mkopaji hana haki ya kudai itolewe, hata akilipa deni lote. Itaandikwa tu kwamba limelipwa. Kwa habari ya uongo, anaweza kulalamika wakati wowote, na kampuni hutakiwa kuchunguza, kwa kawaida katika siku 30. Kwa kuwa wapo waliojitokeza kuwauzia watu ahadi ya kusafisha majalada, sheria ya mwaka 1996 iliwakataza kupokea malipo kabla hawajatimiza kazi waliyoahidi.

Jambo jingine ni mwanzo wa hesabu. Wakusanyaji wa madeni walipouziana deni la zamani, tarehe zilivurugika. Mabadiliko ya mwaka 1996 yalieleza kwamba deni lililopelekwa kwa mkusanyaji lihesabiwe baada ya siku 180 tangu mkopaji alipoanza kuchelewa bila kurudi katika utaratibu. Kuuzwa kwa deni hakuanzishi miaka 7 mipya. Lakini muda wa kumshtaki mdaiwa mahakamani ni jambo mbali, lenye sheria yake katika kila jimbo. Katika majimbo mengi malipo madogo huweza kuuanzisha upya muda huo.

Swali hili limekwisha kufika kwetu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za taarifa za wakopaji mwaka 2012. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2013 ziliweka miaka 5 kwa habari mbaya, ikihesabiwa tangu deni lilipomalizwa kulipwa, na si tangu lilipocheleweshwa kama Marekani. Mwezi Novemba, 2022, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni wakopaji wa simu waliochelewa. Huo ulikuwa msamaha wa sehemu ya deni lenyewe, na mtu akiueleza kuwa ni kufutwa kwa majina tu, atakuwa amekosea kwa upande wa pili.

Kwa hiyo tunapendekeza wafasiri watenge maneno matatu. Kusahihisha kutumike pale habari ilipokuwa ya uongo. Kuondoa kutumike pale habari ya kweli ilipopitwa na muda wake. Kusamehe kutumike pale mwia alipoacha kudai. Neno kufuta liachwe kabisa katika maandishi ya aina hii, kwa sababu wasomaji wetu hulielewa kwa maana zote tatu. Kadhalika, kila itajwapo idadi ya miaka, mfasiri aeleze inahesabiwa tangu lini. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na tafsiri isimfanye msomaji adhani kwamba kalenda nayo ni dawa.